Kibanja Hakikuumbwa, Kililishwa

Kila Desemba, watoto na wajukuu wa kijiji cha Kaagya, Bukoba, wanaporudi kula Krismasi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Mwanza na Arusha, huzuka mazungumzo yale yale. Wanatazama migomba iliyosinyaa na mikungu yenye tana tatu au nne, kisha wanahukumu: Mungu aliwapa Wahaya udongo mzuri, na waliobaki kijijini wameuchezea. Hukumu hiyo inaudhi, maana inafuta kazi ya vizazi vingi. Udongo wa Bukoba hatukupewa mzuri. Upande wa ziwani mvua hufikia kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua nyingi namna hiyo huosha rutuba ikaipeleka chini, mbali na mizizi. Anayetaka ushahidi asiende maabara. Atoke nyuma ya kibanja cha zamani, yaani shamba la migomba la nyumbani, avuke mpaka aingie rweya, uwanda wa nyasi ulio wazi. Kwa hatua chache tu udongo mweusi na laini unakwisha, unaanza udongo mwepesi wenye mchanga, unaoota nyasi ngumu na vichaka vya hapa na pale. Mwamba ni ule ule na mvua ni ile ile. Kilichotofautisha pande hizo mbili ni mikono ya watu.

Ninachodai ni hiki. Kibanja kilijengwa kwa kuhamisha vitu kutoka rweya, yaani nyasi na samadi ya ng'ombe waliolishwa huko, mwaka baada ya mwaka, kwa muda mrefu kiasi kwamba wajukuu wakadhani kilikuwepo tangu kuumbwa kwa dunia. Kikadhoofika pale uhamishaji huo ulipokatika, na ulianza kukatika kabla ya magonjwa tunayoyalaumu leo. Kwa hiyo historia ya kijiji cha Kihaya ni pana kuliko orodha ya wakama, yaani wafalme, na wamisionari. Imo pia katika njia nyembamba zilizotoka vibanjani kwenda rweya, ambazo sasa nyingi zimeota magugu.

Nyasi hizo hazikwenda shambani moja kwa moja. Zilipita kwanza ndani ya nyumba, na humo ndimo wengi wa watu wazima wa leo walimozijulia. Msonge uliezekwa kuanzia kileleni hadi karibu kugusa ardhi, na sakafu yake ilitandikwa nyasi laini zilizochaguliwa, zikalazwa vizuri zikielekea upande mmoja. Mkesha wa sikukuu, au mgeni wa heshima alipotarajiwa, akina mama walitoa nyasi kuukuu wakatandika mpya. Nyasi iliyokatwa rweya mchana na kutandikwa jioni ina harufu yake, tamu na kavu kidogo, na ilipochanganyika na moshi wa jikoni na joto la ng'ombe waliolala ndani ya nyumba hiyo hiyo, nyuma ya ukuta wa matete, watoto walijua kwamba kesho kuna jambo. Juu ya nyasi hizo wageni walikaa bila viti, wakapewa kamwani, yaani buni, za kutafuna kabla ya neno lolote la maana kusemwa. Kisha siku zilipopita, nyasi zile zilizokanyagwa, zilizojaa vumbi, majivu na mabaki ya kila aina, zilikusanywa zikawekwa kwenye mashina ya migomba. Zilizotandikwa chini ya ng'ombe zilifuata, zikiwa zimelowa mkojo na kuchanganyika na samadi. Paa lilipochakaa nalo likaishia huko huko. Hata rubisi, pombe ya ndizi, ilidai nyasi: ndizi zilizoivishwa zilimenywa zikatiwa katika mtumbwi wa mti, wanaume wakazikanyaga kwa miguu pamoja na mafungu ya nyasi mpaka maji yakajitenga na makapi, yakatiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, yakafunikwa kwa majani ya mgomba hadi kesho yake. Makapi nayo yalikwenda shambani. Kila starehe ya nyumbani ilimalizikia mguuni pa mgomba, na hakuna afisa ugani aliyeagiza hivyo.

Mazoea haya na nyasi yana mizizi mirefu. Mwaka 1976 wazee wa Buhaya waliofahamu ufundi wa zamani walijenga tanuri na kuyeyusha chuma mbele ya watafiti Peter Schmidt na Donald Avery, na sehemu ya siri yao ilikuwa shimo la tanuri lililojazwa matete ya kinamasi yaliyochomwa kwanza yakawa mkaa. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Science mwaka 1978, pamoja na ushahidi uliochimbwa ardhini kwamba ufundi wa aina hiyo ulikuwepo magharibi mwa ziwa kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita. Chuma kilihitaji mkaa mwingi, na mkaa ulikula misitu. Ni sawa kuamini kwamba sehemu ya rweya tunayoiona leo ilikuwa msitu uliokatwa na mababu hao, kisha vizazi vilivyofuata vikajifunza kuishi na kilichobaki, yaani nyasi. Miaka kamili tuwaachie wanaochimba. Linalotuhusu ni kwamba watu wa hapa waliikuta ardhi iliyochoka, wakatengeneza ndani yake maeneo yenye rutuba, wakakaa hapo pasipo kuhamahama. Priscilla Reining, aliyeandika tasnifu yake kuhusu Wahaya mwaka 1967, aliwaita watu waliotulia mahali pamoja, na kutulia huko ndiko kulikofanya operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 ikose cha kuhamisha katika sehemu kubwa ya Bukoba. Vijiji vilikuwepo tayari.

Kukatika kulianza wapi? Ningeanza na sotoka ya miaka ya 1890, iliyofyeka ng'ombe wa eneo zima la Maziwa Makuu. Ng'ombe walirudi, lakini si kwa wingi ule, na nyumba nyingi zikabaki bila zizi. Kisha ikaja fedha ya kahawa. Kahawa yenyewe si ngeni: ilitafunwa hapa, na kutumiwa katika udugu wa kuchanjiana, kabla Mjerumani hajajenga boma Bukoba mwaka 1890. Jipya lilikuwa kuipanda kwa wingi ndani ya kibanja kile kile kwa ajili ya kuiuza nje. Chama cha ushirika kilipoundwa mwaka 1950 na bei ikawa nzuri, kahawa ililipa ada za shule na ikanunua mabati. Hakuna wa kuwalaumu waliotaka paa lisilovuja. Lakini kila msonge uliobomolewa ulipunguza mizigo ya nyasi, na kila sakafu iliyosilibwa saruji ilipunguza mingine. Maendeleo ya nyumba yaliondoa chakula cha mgomba, na hakuna aliyepiga hesabu hiyo. Dalili zilionekana mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 maafisa wa kikoloni waliingia vibanjani na kanuni za kupambana na fukusi wa migomba, na kanuni hizo zikawakera watu mpaka zikachochea siasa za kudai uhuru, Kamachumu ikiwa mojawapo ya vituo vyake. Watu walikuwa na haki ya kukataa kuamrishwa ndani ya vibanja vyao. Hata hivyo fukusi walikuwepo kweli, na fukusi huumiza zaidi mgomba uliokwisha kudhoofika. Miongo mitano baadaye Frederick Baijukya, mtafiti aliyefanya kazi Maruku, alieleza katika tasnifu yake ya mwaka 2004 jinsi upungufu wa ng'ombe na samadi ulivyoyaacha mashamba ya Bukoba bila rutuba.

Wako watakaosema kwamba ninazunguka bure, kwani kila mtu anajua kilichoua migomba ni UKIMWI kwanza na mnyauko baadaye. Tuzitazame tarehe. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Mnyauko ulitangazwa Muleba mwaka 2006. Fukusi walikuwa wamekwisha kuwa ugomvi wa kisiasa miaka thelathini kabla ya wagonjwa hao wa kwanza. UKIMWI ulifanya jambo jingine, nalo ni baya vya kutosha bila kuongezewa: uliondoa mikono iliyobeba nyasi, na ukawaondoa wazazi kabla hawajawaonyesha watoto namna kibanja kinavyotunzwa. Gabriel Rugalema alichunguza kijiji kimoja cha Bukoba na kuandika mwaka 1999 jinsi vifo vya watu wazima vilivyozifilisi kaya nguvu kazi na mali. Kijana anayeuliza leo kwa nini majirani hawatandazi nyasi anauliza kuhusu somo ambalo mwalimu wake alizikwa kabla ya kulifundisha. Wengine husema watu wamezidi na vibanja vimegawanywa vikawa vipande. Ni kweli, ila kipande kidogo kinahitaji nyasi chache kukijaza, na kwa hesabu hiyo kingepaswa kuwa kinono kuliko kile kikubwa cha babu. Hakiwi, kwa sababu kinachoingia ni kidogo na kinachotoka ni kingi. Mkungu ulioliwa kijijini uliacha maganda kijijini. Mkungu unaopakiwa kwenye lori kwenda Mwanza unaacha maganda katika jalala la Mwanza.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la wale wanaosema kwamba kusifu kibanja cha zamani ni kusifu dhuluma. Wana hoja. Chini ya nyarubanja, mtu alilima ardhi iliyokuwa nyumbani kwake huku bwana mwingine akidai ushuru na heshima, mpaka sheria ya mwaka 1965 ilipoanza kuvunja utaratibu huo. Na ni nani aliyebeba nyasi? Walioinama rweya, wakakata, wakafunga, wakajitwisha na kupanda mlima walikuwa hasa wanawake. Hao hao walilima njugu mawe katika rweya ile ile, na mila haikuwapa haki ya kuuza kibanja walichokilisha. Ilibidi Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aamue mwaka 1990, katika kesi ya Ephraim na Pastory, kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi ardhi ya ukoo anaweza kuiuza kama mwanamume. Sioni kwamba haya yanadhoofisha hoja yangu. Yanaeleza kwa nini nyasi zilikoma: kazi iliyotegemea watu wasio na hisa katika matunda yake haikuweza kudumu baada ya watu hao kupata njia nyingine, shule au mji. Anayetaka kibanja kirudi aanze na jina la mwanamke kwenye hati.

Yaliyofuata yanajulikana na sitayarefusha. Bei ya kahawa ilishuka, butura, yaani kuuza kahawa ingali mtini, ikawafunga wengi kabla kahawa haijaiva, migomba chotara ya FHIA ikaletwa mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuwaokoa watu na njaa ingawa wazee hawakuipenda mdomoni, tetemeko la mwaka 2016 likapasua nyumba. Lakini linaloumiza kuliko yote linatokea sasa hivi, tena kwa ukimya. Rweya inakatwa viwanja, inapandwa mikaratusi na misonobari na wenye fedha, wengi wao wakaazi wa mijini, hao hao wanaorudi Desemba kulalamika kuhusu migomba. Mti unalipa, sikatai, na nguzo zinahitajika. Ila chini ya mikaratusi haioti nyasi ya kutandaza wala ya kulisha ng'ombe, na mama mwenye mundu anayefika huko leo anaambiwa ameingia katika shamba la mtu. Rweya ilikuwa ya kijiji. Ikiisha, hata mwenye nia ya kufufua kibanja hatakuwa na mahali pa kupata nyasi, na mbolea ya dukani kwa bei zake haitaziba pengo hilo kwa mkulima wa nusu eka.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inavipa vijiji, kupitia halmashauri na mkutano mkuu wake, uwezo wa kutenga ardhi ya matumizi ya pamoja. Kaagya na vijiji vingine vya Bukoba na Muleba viutumie uwezo huo sasa, vipime rweya iliyobaki, viiandike kuwa ya malisho na nyasi, na visigawe tena hata kipande. Na ninyi mnaorudi Desemba, mkutano huo ukiitishwa mkiwa nyumbani, hudhurieni, na mtu akiomba ekari kumi za rweya apande miti, kataeni ombi hilo hata kama mwombaji ni ndugu yenu.