Usione Haya kwa Chakula cha Kwenu

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini siku hizi vijijini kwetu mgeni akija, mara nyingi mwenyeji haponi, bali anaingia deni. Mtoto hutumwa mbio dukani kukopa mkate na soda, na ndizi zilizo jikoni hufichwa kama kitu cha aibu. Jambo hili nimelifikiri sana tangu niliporudi kutoka Malawi.

Kazi yangu ni ukarani wa parokia. Kijana wa kwetu Nkunga alitaka kumwoa binti aliyebatizwa Karonga, ikabidi kipatikane cheti kipya cha ubatizo. Nikatumwa kukifuata. Kutoka Tukuyu penye baridi, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, njia hushuka mpaka Kyela penye joto. Ukivuka mto Songwe pale Kasumulu, umekwisha kuingia nchi nyingine. Ziwa ni lile lile, ila sisi twaliita Nyasa, nao huliita Malawi. Hata lugha si ngeni, kwa kuwa Kingonde cha Karonga ni ndugu wa Kinyakyusa chetu.

Katekista mmoja alinikaribisha nyumbani kwake. Mkewe akaleta maji ya kunawa, akasema kwa upole, "Baba karani, utusamehe. Leo hatuna wali wala nyama, ni kondowole tu."

Kondowole ni ugali wa muhogo. Muhogo mchungu huloweshwa siku kadhaa ili sumu yake itoke, huanikwa, hutwangwa, kisha unga wake husongwa kwa nguvu mpaka unavutika. Kando yake palikuwa na usipa, wale samaki wadogo wa ziwani, waliokaushwa juani na kuungwa kwa nyanya. Nilikula nikafurahi, nikaomba tena. Nikamwambia, "Mama, hakuna la kusamehe. Ndaga!" Akacheka, akaniongezea.

Tazameni hekima ya chakula kile. Muhogo hutia nguvu, lakini peke yake haujengi mwili. Usipa huliwa mzima pamoja na mifupa yake, nao hujenga mwili na kuimarisha mifupa yetu. Mwaka 2017 UNESCO iliiandika nsima, yaani ugali wa Wamalawi, katika orodha ya urithi wa utamaduni wa dunia. Na huyu mama aliniomba radhi kwa ajili yake!

Wazazi wenzangu, nasi tu hivyo hivyo. Mungu ametujalia ndizi, maharage, mboga, parachichi na maziwa. Lakini maziwa twayauza yote asubuhi, na mtoto anakunywa chai ya rangi. Uchunguzi wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa yenye mavuno mengi, ndiyo iliyoongoza kwa watoto waliodumaa. Basi ghala kujaa ni jambo moja, na mtoto kulishwa vizuri ni jambo jingine.

Cheti nilikileta, na arusi ikapangwa. Baba wa kijana alikuwa amekusudia kumwuza ng'ombe wake wa maziwa ili anunue mchele, nyama na soda za kutosha, watu wasije wakamcheka. Nilimweleza niliyoyala Karonga na jinsi nilivyopokewa. Alinyamaza kwa muda, kisha akaenda kushauriana na mkewe.

Siku ya arusi tulikula ndizi, maharage na mboga, na wakwe kutoka ng'ambo ya Songwe walileta usipa magunia mawili. Walikula wakasifu. Wachache walinong'ona, kama ilivyo desturi ya watu, lakini hakuna aliyeondoka na njaa.

Ng'ombe yule yuko zizini hata leo, na kila asubuhi wajukuu wa nyumba ile hupata kikombe chao kabla maziwa hayajapelekwa kuuzwa.