Lawrence, Mji wa Flisi

Kama unakaa Njombe, Lushoto au Limuru, flisi waijua hata kama jina lake hujalisikia. Ni kile kitambaa laini chenye manyoya mafupi pande zote mbili, chepesi mkononi lakini chenye joto, ambacho akina mama hushonea vijaketi vya watoto, kofia za baridi na vitambaa vya kuwafunika wachanga mgongoni. Wapagazi wapandao Kilimanjaro huvaa koti za namna hiyo, na kwenye mitumba utaziona zimelundikana. Leo twende pamoja hadi mji kilikozaliwa, na tukiwa huko nikuonyeshe jinsi ya kukichagua dukani, maana kitambaa hiki hudanganya macho kuliko vingi vingine. Flisi mbaya na flisi nzuri, siku ya kununua, huonekana kama mapacha. Hutofautiana baada ya kufuliwa mara tatu, na wakati huo fedha yako imekwisha kwenda.

Mji wenyewe ni Lawrence, katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Ukitoka Boston kwa treni kutoka kituo cha Kaskazini, mwendo si mrefu, haufiki saa moja na nusu. Ukishuka tu, utauona mnara wa saa wa kiwanda cha Ayer, uliojengwa mwaka 1910. Uso wa saa hiyo una upana wa futi 22 hivi, na wenyeji hujivunia kwamba ni mdogo kidogo tu kuliko ule wa Big Ben wa London. Usifikiri waliujenga kwa ajili ya urembo. Saa ile ilikuwa ya kuwaambia maelfu ya wafanyakazi kwamba wamechelewa.

Vuka daraja la mto Merrimack, usimame katikati, utazame maji. Huo ndio mwanzo wa kila kitu hapa. Mwaka 1845 matajiri wa Boston walianza kujenga ukuta wa mawe wa kuzuia mto, urefu wake futi 900 hivi, nao ukamalizika mwaka 1848. Maji yaliyoinuliwa yaligeuzwa yaingie katika mifereji, na juu ya mifereji vikajengwa viwanda vya matofali mekundu, ghorofa juu ya ghorofa. Miji mingine hukua kwa sababu watu walipita wakapumzika chini ya mti. Huu ulichorwa kwanza kwenye karatasi, ndipo watu wakaitwa: Waairishi, Wajerumani, Waitalia, Wapolandi, Walithuania, Wasiria. Siku hizi wengi wa wakazi wake wana asili ya Jamhuri ya Dominika na Puerto Rico, na madukani utasikia Kihispania kuliko Kiingereza.

Wajua, msomaji, kitambaa huficha mambo, na jengo nalo huficha. Tarehe 10 Januari 1860 kiwanda cha Pemberton, kilichokuwa na umri wa miaka michache tu, kiliporomoka mchana watu wakiwa kazini. Nguzo zake za chuma zilikuwa zimesubiwa vibaya. Kwa nje zilionekana imara, kumbe upande mmoja ni nyembamba. Usiku taa ya waokoaji ilianguka, moto ukashika wale waliokuwa wamenaswa katika vifusi. Zaidi ya watu 80 walikufa.

Tena kuna habari ya mwaka 1912. Sheria mpya ilipunguza saa za kazi za wanawake na watoto kutoka 56 kwa juma zikawa 54, na wenye viwanda wakapunguza mshahara kwa kiasi hicho hicho. Tarehe 11 Januari wanawake wa Kipolandi katika kiwanda cha Everett waliziacha mashine zao, na baada ya siku chache zaidi ya watu 20,000 walikuwa nje katika theluji. Mgomo uliendelea hadi Machi. Watoto wengi walipelekwa New York wakatunzwe na familia nyingine, na muuguzi Margaret Sanger, aliyesafiri na watoto 119 kati yao, aliieleza kamati ya Bunge kwamba wanne tu ndio waliokuwa na nguo za ndani. Hao walikuwa watoto wa watu waliofuma vitambaa vya sufu. Mimi huona hesabu hiyo ya wanne inasema zaidi ya minara yote ya mji ule.

Sufu ilipokwisha nguvu, viwanda vikafuata kazi rahisi huko majimbo ya kusini, na Lawrence ukaingia umaskini. Kampuni moja ilikwenda kinyume cha mkondo. Malden Mills, iliyoanzishwa mwaka 1906 na babu yake Aaron Feuerstein katika mji wa Malden, ilihamia Lawrence katika miaka ya 1950. Ilitengeneza manyoya ya bandia, kama ngozi ya mnyama lakini ya kiwandani. Mtindo wa manyoya hayo ulipokufa, kampuni ilifilisika mwaka 1981. Kilichoiokoa ni kitambaa ambacho mafundi wake walikuwa wamekwisha anza kukitafuta, wakishirikiana na Yvon Chouinard wa kampuni ya nguo za wapanda milima ya Patagonia. Walitaka kitu chenye joto la sufu, chepesi, kisichonywa maji. Ndiyo flisi.

Sikia inavyotengenezwa, maana ukiyajua haya utaijua dukani. Uzi wake ni wa poliesta, yaani jamii moja na chupa za maji, na kweli tangu mwaka 1993 flisi nyingine imetengenezwa kwa chupa zilizotumika. Uzi hufumwa na mashine ya duara, kama fulana ifumwavyo, lakini upande mmoja huachwa vitanzi vidogo vidogo. Kisha kitambaa hupitishwa katika magurudumu yenye miiba myembamba ya waya, nayo huvikwaruza vitanzi hadi vikawa manyoya. Mwisho manyoya hunyolewa yawe sawa na kutengenezwa yasijikunje. Hewa inayokaa katikati ya manyoya ndiyo ikupayo joto. Kazi ya kunyoa na kumalizia ndiyo ya gharama, kwa hiyo mwenye kiwanda anayetaka kuuza rahisi huipunguza hapo hapo, mahali ambapo mnunuzi haoni.

Zamani kampuni ile ilikuwa na duka lake hapa Lawrence, ambako washonaji walinunua mabaki ya majora kwa bei nafuu. Tuseme tumesimama mbele ya jora kama lile, ingawa wewe uko Kariakoo au Eastleigh. Mwenye duka anakuambia, "Mama, hii ni namba moja." Mjibu kwa heshima, lakini mikono yako iendelee na kazi.

Kwanza shika kipande ukisugue chenyewe kwa chenyewe, kwa nguvu, mara ishirini hivi. Flisi isiyomaliziwa vizuri itaanza kuinua nyuzi na kufanya vidonge vidogo kama vipele. Ikifanya hivyo dukani, nyumbani itakuwa kama kuku aliyenyonyolewa vibaya. Kisha inyooshe juu ya kiganja, uitazame kwa kuelekea mwanga. Ukiuona mfumo wa nyuzi waziwazi katikati ya manyoya, manyoya ni machache, na joto ni chache vile vile. Ivute kwa mapana, uiachie. Nzuri hurudi mahali pake. Mbaya hubaki imelegea, na viwiko vya koti la mwanao vitatokeza kama mifuko. Kama ina maua au picha, ivute tena uone kama weupe unatokeza chini ya rangi, halafu usugue kwa leso nyeupe iliyolowa maji kidogo.

Uzito ndio shahidi mkubwa. Flisi huhesabiwa kwa gramu katika mita moja ya mraba: 100 ni nyembamba, ya kuvaa chini ya nguo nyingine, 200 ni ya koti la kawaida, 300 ni nzito, ya baridi kali. Muuzaji asiyejua namba hizi usimlaumu, wewe hesabu mwenyewe. Upana wa jora kwa kawaida ni sentimita 150. Basi mita moja iliyokatwa ina mita ya mraba moja na nusu, na kama ni flisi ya 200, itakuwa na uzito wa gramu 300. Kwa jirani yake yuko muuza sukari mwenye mizani. Ukinunua mita tatu, omba zipimwe: zikifika gramu 900, umeuziwa haki; zikiwa 600, hiyo ni nyembamba kwa koti, hata kama imevimba. Wenye hila hukwaruza sana kitambaa chembamba kipate kuvimba, lakini mizani haivimbi.

Ukiambiwa ni sufu halisi, omba uzi mmoja wa ukingoni, utoke nje, uwashe kwa kiberiti. Sufu hunuka kama nywele zikiungua na kuacha jivu linalovunjika. Poliesta huyeyuka, hutoa moshi mweusi, na huacha kidonge kigumu cheusi. Jaribio hilo ni la kujua bei, lakini linakufundisha na jambo kubwa zaidi. Flisi ikiungua haifanyi jivu, bali hudondoka ikiwa moto na kugandamana na ngozi. Kwa hiyo nakusihi, usimlaze mtoto aliyevaa flisi karibu na jiko la mkaa, wala usimvishe akae jirani na mafiga. Katika nyumba zetu za nyanda za juu, ambako jioni wote hukusanyika motoni, afadhali mtoto avae pamba au sufu akiwa jikoni, na flisi aivae akienda shule.

Turudi mjini. Usiku wa tarehe 11 Desemba 1995, siku Aaron Feuerstein alipotimiza miaka 70, moto uliteketeza majengo ya Malden Mills. Watu zaidi ya 30 waliumia, hakufa hata mmoja. Kiwanda kilikuwa na watu wapatao 3,000, na Krismasi ilikuwa imebaki majuma mawili. Mzee huyo angeweza kuchukua fedha za bima akastarehe, au kujenga upya katika nchi ya mishahara midogo. Yeye aliwaambia wafanyakazi kwamba atajenga pale pale, na kwamba wataendelea kulipwa wakati hakuna kazi. Alikuwa Myahudi mshika dini, naye alisema ndivyo alivyofundishwa katika maandiko. Mishahara iliendelea kwa muda, ikagharimu mamilioni ya dola, na mwaka 1997 kiwanda kipya kilifunguliwa.

Ingekuwa hadithi ya watoto, ningekomea hapo. Lakini madeni ya ujenzi yalikuwa makubwa, na flisi ya bei rahisi ilikuwa imejaa duniani, kwa kuwa Feuerstein hakujipatia hataza ya kuwazuia wengine kuiiga. Novemba 2001 kampuni ilifilisika tena, na baadaye yeye mwenyewe aliondolewa katika uongozi. Mwaka 2007 kampuni iliuzwa ikapewa jina la bidhaa yake, Polartec, na kufikia mwaka 2016 kazi ilikuwa imehamishwa kutoka Lawrence kwenda Tennessee. Feuerstein alifariki Novemba 2021, akiwa na miaka 95. Wako wasemao alikosa akili ya biashara. Mimi nauliza tu, kwa miaka ile ishirini ya kati, ni nyumba ngapi za Lawrence zilizokula kwa mkono wake.

Leo ukifuata kijito cha Spicket hadi mpakani mwa Methuen, utayakuta majengo ya zamani ya kiwanda, na baadhi yake yamefanywa nyumba za kupanga. Mjini bado watu wanafanya kazi kwa mikono; katika kiwanda kile cha Ayer, chini ya saa kubwa, hushonwa viatu.

Na wewe ukishafika nyumbani na mita zako tatu, neno la ushonaji. Pitisha kiganja juu ya kitambaa: upande mmoja wa urefu manyoya hulala, upande mwingine huinuka. Kata vipande vyote manyoya yakilala kuelekea chini, la sivyo mbele ya koti itaonekana rangi moja na mgongo rangi nyingine. Kitambaa huvutika zaidi kwa mapana, basi mapana yazunguke mwili. Upande wa nje na wa ndani hufanana. Ukivuta ukingo uliokatwa kwa mapana, hujikunja kuelekea upande wa ndani. Hakichanuki nyuzi, kwa hiyo huna haja ya kupinda kila ukingo, na hapo unaokoa uzi na muda. Tumia sindano namba 90 yenye ncha ya mviringo, refusha mshono wa cherehani ufike milimita 3 au zaidi, wala usivute kitambaa kikipita. Safisha cherehani ukimaliza, maana manyoya huingia chini ya sindano.

Fua kwa maji ya baridi, nguo ikiwa imegeuzwa ndani nje, uanike kivulini. Itakauka kabla ya shuka. Kila ufuaji hutoa vinyoya vidogo vya plastiki ambavyo huishia mitoni na baharini, kwa hiyo usifue kwa sababu ya vumbi kidogo tu: kung'uta. Pasi ya moto usiipitishe kabisa. Vipande vilivyobaki usitupe. Viwili vya ukubwa wa kiganja hutosha glavu ya mtoto anayetembea kwenda shule alfajiri ya Julai.