Uzuri wa Jani Lenye Mabaka

Wahenga walinena kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii ilimkaa moyoni mama mmoja Mkenya, mzaliwa wa Kisii na mkazi wa Minneapolis huko Marekani, asubuhi aliyochutama mbele ya mmea aliotunukiwa na jirani yake.

Mmea wenyewe ni hosta. Asili yake ni Japani, Korea na Uchina, nao hupandwa zaidi kwa sababu ya majani yake mapana: ya kijani, ya manjano, mengine yenye pindo jeupe. Hupenda kivuli. Baridi inapoingia majani yote hufa, na mmea hulala ardhini hadi theluji iyeyuke. Pasipo usingizi huo hudhoofika. Ndiyo maana mtoto aliyelelewa kati ya migomba hakuwa na jina lake.

Hata hivyo, kuchagua mche hakujifunzia ugenini. Marehemu mamake hakupokea chipukizi la mgomba, hata kutoka kwa wifi yake, kabla ya kuligeuza na kulikagua tunguu: je, lina matundu ya fukusi? Lina weusi wa kuoza? Bintiye alifanya vivyo hivyo katika vitalu vya Minneapolis. Aliutoa mmea chunguni taratibu. Mizizi imara yenye weupe ilimridhisha, iliyolegea na kunuka aliirudisha. Kitako cha mmea alikibonyeza kwa kidole gumba. Aidha, alipendelea kununua mwezi wa Agosti, maana ndipo minyoo wasioonekana kwa macho huchora michirizi ya kahawia baina ya mishipa ya jani. Mmea uliopendeza mwezi wa Mei huenda ukaumbuka wakati huo.

Lakini yapo maradhi yanayojipamba. Mwaka wa 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, akiwemo Ben Lockhart, walieleza kirusi kinachoitwa Hosta Virus X. Rangi ya mishipa huvuja pembeni kama wino uliomwagikia karatasi, jani likaota mabaka, pengine likajikunyata. Ajabu ya binadamu ni kwamba alipoyaona mabaka hayo aliyashangilia! Mimea migonjwa ilipewa majina na kuuzwa kama aina mpya: Breakdance, Leopard Frog, Eternal Father. Watu walilipia maradhi na kuyabeba nyumbani kwa furaha. Ilhali jani zima lenye rangi mbili huwa na mpaka safi, na unene wake ni ule ule pande zote.

Kirusi hiki hakina dawa. Huenezwa kwa utomvu. Kisu kilichokata mmea mgonjwa, kisiposafishwa, huambukiza ule unaofuata. Dalili nazo zaweza kukawia hata miaka kadhaa.

Jirani yake ni ajuza aliyefiwa na mumewe. Kipande alichomgawia kilitoka katika safu ya hosta ambazo marehemu alizipanda kando ya uzio kwa mikono yake. Zawadi kama hiyo haigeuzwigeuzwi mbele ya mwenyewe. Mama yule aliipokea kwa mikono miwili, akaipanda bila kuikagua. Ilikuwa mara yake ya pekee.

Majira ya pili ya kuchipua, wino ulivuja. Alinunua ukanda wa kupimia, akaponda kipande cha jani, na baada ya dakika chache mistari miwili ikajitokeza. Basi akaung'oa mmea pamoja na mizizi, akautia katika mfuko na kuutupa. Shimo aliliacha tupu, kwa kuwa mabaki ya mizizi, madhali yangali hai, huendelea kukihifadhi kirusi.

Kazi hiyo haikuchukua hata nusu saa. Iliyobaki ilikuwa nzito. Safu nzima ya marehemu yamkini ilikuwa imeambukizwa, na kumweleza mjane ukweli kulikuwa sawa na kumwambia aing'oe. Kunyamaza kungemgharimu kidogo tu: asingepokea kipande kingine, basi. Siku tatu alilitazama uzio lile kutoka dirisha la jikoni.

Siku ya nne alilitia jani lenye mabaka katika mfuko wa plastiki, akaenda kubisha hodi. Ajuza alimfungulia kwa bashasha, kisu cha bustani mkononi, kingali kinatiririka utomvu. Alikuwa akiwakatia vipande majirani wa mtaa wa pili.