Chakula cha Wachinjaji katika Mji wa Roma

Mji wa Roma, ulio mji mkuu wa Italia, hutembelewa na watu wa kwetu kwa sababu mbalimbali. Wako Wakatoliki waendao kuhiji Vatikano. Wako maofisa na makarani wapelekwao mikutanoni katika Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako mjini humo tangu mwaka 1951. Wako pia vijana waendao kusoma. Wengi wao warudipo husimulia kwa furaha habari za makanisa na magofu ya kale, lakini wakiulizwa habari za chakula hukunja uso. Husema kwamba walilipa fedha nyingi, wakaletewa sahani ya tambi zilizopoa, wakaondoka mezani na njaa yao.

Sababu ya jambo hili si ngumu kuieleza. Watu hao walikula palepale walipokuwa wakitazama majengo. Karibu na kila jengo lenye sifa pana hoteli zilizopanga meza barabarani, zenye picha za vyakula zilizobandikwa nje, na mtu asimamaye mlangoni akiwaita wapita njia. Mwenye hoteli ya namna hiyo hatazamii kumwona mteja wake mara ya pili, kwa hiyo hana haja kubwa ya kumridhisha. Mimi nilipopelekwa Roma kwa kazi ya ofisi nilishauriwa kufuata njia nyingine, nayo ndiyo nitakayo kuwaeleza wasomaji: kuviacha vyakula vya wageni na kula vyakula vya watu waliofanya kazi ya kuchinja ng'ombe wa mji ule. Vyakula vyenyewe ni mkia, matumbo, moyo, maini na mapafu. Basi msomaji atatambua kwamba hatuendi ugenini kabisa.

ROBO YA TANO

Ng'ombe akiisha kuchinjwa na kuchunwa, bucha humkata vipande vikubwa vinne, mikono miwili na mapaja mawili. Hizo ndizo robo nne. Kinachobaki, yaani kichwa, mkia, miguu na vyote vya tumboni, watu wa Roma hukiita quinto quarto, maana yake robo ya tano. Jina hilo lina mzaha ndani yake, kwa sababu kitu hakiwezi kuwa na robo tano. Lakini lina ukweli pia, kwa sababu robo nne zilikuwa za wenye fedha, na ya tano ilikuwa ya watu wa chini.

Kati ya mwaka 1888 na 1891 serikali ya mji ilijenga machinjio makubwa katika mtaa wa Testaccio, kando ya mto Tiber. Husimuliwa kwamba wachinjaji na wachuna ngozi walipewa sehemu ya ujira wao kwa nyama ya robo ya tano. Waliipeleka nyumbani kwa wake zao, au katika hoteli ndogo za jirani ili wapikiwe. Nyama za namna hiyo hazikubali haraka. Mkia ukipikwa saa moja ni mgumu kama kamba, bali ukipikwa saa nne au tano nyama huachana na mfupa kwa kuguswa tu. Wapishi wale hawakuwa na nyama laini, basi wakajifunza subira, na subira yao ikazaa vyakula ambavyo leo vinajulikana kuwa ndivyo vya Roma hasa.

Machinjio yalifungwa mwaka 1975. Majumba yake hayakubomolewa; sasa hutumika kwa maonyesho ya sanaa na kwa masomo ya chuo kikuu. Lakini hoteli za jirani zimebaki, na mabwana wenye magari mazuri huenda huko kula kile ambacho babu zao wasingethubutu kukiagiza. Ya zamani mojawapo, iitwayo Checchino, ilianzishwa mwaka 1887.

NAMNA YA KUFIKA

Aliye katika ofisi za Shirika la Chakula na Kilimo apande treni ya chini ya ardhi, njia ya B, katika kituo cha Circo Massimo, ashuke kituo kinachofuata kiitwacho Piramide. Atokaye stesheni kubwa ya Termini hufuata njia hiyohiyo. Nje ya kituo ataona piramidi ya mawe, kaburi la Mroma mmoja aitwaye Cestius, lililojengwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Kutoka hapo ni mwendo mfupi kwa miguu mpaka Testaccio.

Huko kuna kilima chenye kimo cha mita 35 hivi, na mgeni asipoelezwa atadhani ni kilima cha kawaida. Sivyo. Ni jalala la vigae. Enzi za utawala wa Warumi, mafuta ya zeituni yaliletwa kwa majahazi katika mitungi mikubwa ya udongo, mingi kutoka Hispania, na mingine kutoka Afrika ya Kaskazini, nchi ambazo leo ni Libya na Tunisia. Mtungi uliokwisha kumiminwa mafuta haukufaa tena. Ulivunjwa, na vigae vikapangwa juu ya vigae mpaka pakawa na mlima. Baadaye watu walichimba maghala chini yake wakahifadhi divai, kwa sababu hewa ya baridi hupita kati ya vigae. Baadhi ya hoteli zimejengwa ndani ya ubavu wa kilima hicho.

Mkabala wa machinjio ya zamani liko soko la Testaccio, lililohamia jengo lake jipya mwaka 2012. Mtu mwenye fedha kidogo aanze hapo wakati wa mchana. Kuna vibanda viuzavyo mkate uliojazwa nyama ya ng'ombe iliyochemshwa taratibu, au matumbo, na mkate wenyewe huchovywa kidogo katika mchuzi. Hutakaa mezani, wala hutamlipa mtumishi. Jumapili usiende.

VITU VYA KUAGIZA

Cha kwanza ni coda alla vaccinara, yaani mkia wa ng'ombe kwa upishi wa wachuna ngozi. Mkia hukatwa kila kiungo mbali, hukaangwa, hutiwa divai na nyanya, kisha huachwa juu ya moto mdogo kwa muda mrefu. Mwishoni hutiwa mabua mengi ya seleri, na wapishi wengine huongeza zabibu kavu, kokwa za msonobari na kakao kidogo isiyo na sukari. Usione haya kuushika mfupa kwa mkono. Wenyeji hufanya hivyo.

Cha pili ni trippa alla romana, matumbo yaliyopikwa kwa nyanya, yakatiwa majani ya jamii ya nanaa na kunyunyiziwa jibini kali ya maziwa ya kondoo. Kwa desturi ya mji ule, Alhamisi ni siku ya gnocchi, yaani madonge madogo ya viazi na unga, Ijumaa ni siku ya samaki, na Jumamosi ni siku ya matumbo. Ukifika Jumamosi, basi, una bahati.

Cha tatu ni coratella, nacho ni moyo, maini na mapafu ya mwana-kondoo, vikikatwa vidogo na kukaangwa. Kuanzia mwisho wa baridi mpaka Aprili hivi hupikwa pamoja na carciofi, yaani vitumba vya ua kubwa la mmea wenye miiba ambao hulimwa sana katika nchi ile.

Orodha ya vyakula hugawanywa sehemu sehemu. Primo ni tambi au mchuzi mzito, secondo ni nyama au samaki, na contorno ni mboga. Hakuna amri ya kula zote. Ila ujue kwamba nyama huletwa peke yake, bila viazi wala mboga, mpaka uagize. Mkate ndio ugali wao, na katika hoteli nyingi hutozwa bei yake hata kama hukuuomba. Bahashishi si lazima. Chakula cha jioni hakianzi kabla ya saa moja na nusu, na mwenye kugonga mlango saa kumi na mbili atakuta wafanya kazi wenyewe wanakula.

Wasomaji wasiokula nguruwe yafaa wawe waangalifu na tambi za Roma. Zile ziitwazo carbonara, amatriciana na gricia zote hutiwa nyama ya shavu la nguruwe. Cacio e pepe haina nyama. Ni tambi, jibini ya kondoo na pilipili manga tu. Njia nyingine ni kwenda barabara ya Portico d'Ottavia, katika mtaa ambamo Mayahudi wa Roma walifungiwa kwa amri ya Papa tangu mwaka 1555 mpaka 1870. Ziko huko hoteli zifuatazo sheria ya chakula ya Kiyahudi, zisizoingiza nguruwe jikoni, na hapo ndipo penye asili ya kile kitumba cha carciofi kikaangwacho katika mafuta mpaka kikafunuka kama ua. Na karibu na stesheni ya Termini liko soko la Esquilino, lenye mabucha ya Waislamu, mihogo na ndizi za kupika. Tena katika mitaa ya jirani Waeritrea na Wahabeshi wana hoteli zao.

Habari za kinywaji ni fupi. Kahawa inywe umesimama mbele ya meza ya mwuzaji. Ukiketi, bei yaweza kuongezeka mara mbili au zaidi. Maji usiyanunue. Mjini mna mabomba ya chuma zaidi ya 2,000 yatoayo maji safi ya kunywa usiku na mchana, bila malipo.

CHAKULA KILICHOPIGWA MARUFUKU

Liko jambo moja ambalo mkulima anapaswa kulisikia. Miongoni mwa vyakula vya robo ya tano, kipendwacho kuliko vyote na wazee wa Testaccio ni pajata. Huo ni utumbo mwembamba wa ndama ambaye bado ananyonya, nao hupikwa pamoja na maziwa yaliyomo ndani yake. Maziwa hayo huganda kwa moto yakawa laini kama jibini, kisha huliwa kwa mchuzi wa nyanya juu ya tambi nene zenye tundu.

Mwaka 1986 uligunduliwa Uingereza ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe. Ulienezwa na chakula cha mifugo kilichotengenezwa kwa nyama na mifupa ya wanyama wengine iliyosagwa. Yaani ng'ombe, mla majani, alilishwa nyama ili anenepe upesi kwa gharama ndogo. Mwaka 1996 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba yaelekea watu nao wameambukizwa. Mwaka 2001 ugonjwa ulionekana katika ng'ombe wa Italia, na utumbo wa ng'ombe, hata wa ndama, ukapigwa marufuku katika nchi za Umoja wa Ulaya. Pajata ya ndama ikatoweka katika hoteli za Roma.

Kwa muda wa miaka 14 wapishi walitumia utumbo wa mwana-kondoo mahali pake. Wazee walikula, lakini walisema si ileile. Mwaka 2015 sheria ililegezwa kwa nchi zilizohesabiwa kuwa hazina hatari kubwa tena, Italia ikiwa mojawapo, na pajata ya ndama ikarudi mezani. Magazeti yaliandika habari zake kama waandikavyo habari za mtu mashuhuri aliyerudi kutoka safari ndefu. Mkulima aliyemlisha ng'ombe wake kitu kisichompasa aliiondoa mezani sahani ya watu waliokaa mbali naye sana, ambao hakuwajua.

Wako miongoni mwetu, hasa sisi tuliosoma, ambao hula matumbo kwa raha nyumbani kwa mama zetu, lakini tukiwa na wageni hotelini huyapita katika orodha kana kwamba hatuyajui. Watu wa Testaccio walipewa matumbo kwa sababu hakuna mwingine aliyeyataka. Hawakuyaficha. Waliyapika vizuri, wakayapa jina, wakayaandika juu ya orodha zao kwa herufi kubwa, na leo mgeni husafiri kutoka mbali akalipa ili ayaonje. Mimi nililipa, nikala mkia mpaka mfupa wa mwisho, na mtumishi alipouliza kama kwetu nako twala mkia, nilimjibu kwamba twala, tena na supu yake.