Niangalizie Jiwe

Msomaji, kama wewe ni mtoto wa Arusha, hasa wa pande zetu za Ngarenaro, huna haja ya kuelezwa apolo ni nani. Kwa wengine nitasema kwa kifupi. Apolo ni mtu anayeshuka shimoni Mererani kutafuta tanzanite, tochi kichwani, na mshahara wake ni sahani ya ugali na ahadi. Mgodi ukitema, anapata mgao wake. Usipotema, amekula, amelala, na kesho anashuka tena.

Baba yangu alikuwa apolo kwa miaka kumi na minne. Mgodi wake haukutema hata siku moja.

Alirudi nyumbani na vitu viwili. Cha kwanza ni kikohozi ambacho mpaka leo hakijamwacha. Cha pili ni kiberiti chenye kipande cha jiwe kidogo kama punje ya maharage, rangi yake kama chai isiyo na maziwa. Tanzanite nyingi hutoka ardhini hivyo hivyo, na ukahawia wake, halafu hupikwa kwenye moto ndipo rangi ya bluu ikatoka. Kipande cha mzee hakikufaa hata kupikwa. Madalali wa Goliondoi walikitazama mara moja tu, wakamrudishia.

Mimi nilimaliza kidato cha nne mwaka 2017. Matokeo yenyewe tusiyazungumzie. Nilijiambia nitakuwa mwandishi wa riwaya, na tangu hapo nina madaftari manane na riwaya sifuri. Kuvusha siku nilikuwa nambebea shangazi mizigo. Yeye anauza nguo, na kama wenzake wengi huzifuata Bangkok, kwenye soko la Pratunam. Mwezi wa Julai mwaka 2023 mgongo ulimsumbua, akaona anihamishe na mimi. Basi chalii wa Ngarenaro nikapanda ndege.

Usiku wa kuondoka mzee aliniita chumbani. Nilidhani ananipa wosia. Akaniambia hivi tu: "Huko unakokwenda wanauza mawe yetu. Mimi nimechimba, lakini jiwe lililokwisha kukatwa na kung'arishwa sijawahi kulitia machoni kwa karibu. Niangalizie. Ukirudi uniambie likoje."

Nikasema sawa baba. Ahadi nyepesi kabisa, nilidhani.

Siku nne za kwanza Bangkok sikuiona. Niliona marobota. Siku ya tano mzigo ulikuwa kwa watu wa kusafirisha, shangazi akanipa baht 300, kama shilingi elfu ishirini na kitu, akasema, "Nenda ukatembee, lakini usinipotelee. Hapa sina polisi ninayemjua." Pesa hiyo ilikuwa ya kula, kunywa na nauli. Nauli niliifuta pale pale. Nikavaa makatambuga yangu ya tairi, nikatia daftari, kalamu na chupa ya maji kwenye begi la mgongoni, nikatoka saa kumi na mbili asubuhi. Alama yangu ya kurudia ilikuwa jengo la Baiyoke, ghorofa 85, lililomalizika mwaka 1997. Nikajisemea, nikiliona hilo sijapotea.

Nilifuata mfereji wa Saen Saep kuelekea magharibi. Bangkok ilikuwa mji wa mifereji kabla haijawa mji wa barabara, na huu mmoja bado unafanya kazi ya daladala. Maboti marefu yanapita kwa kasi, kondakta ananing'inia ukingoni kamba mkononi, na yakipishana abiria wanavuta turubai la plastiki juu ili maji yasiwarukie. Nami nikawaelewa upesi. Maji yenyewe ni meusi, yananuka kama mtaro wa nyuma ya soko. Lakini ukingoni pale pale watu wanaishi: bibi anamwagilia maua kwenye makopo, paka kalala juu ya jiko lililopoa, mzee anasoma gazeti kavaa fulana na kaptula. Nilipita soko la Bobae, nguo za jumla zimerundikwa mpaka darini, nikakaza mwendo kama mtu aliyeona mdai wake.

Mfereji unapoishia kuna kilima cha Wat Saket na hekalu la dhahabu juu yake. Kutoka hapo nikashika barabara ya Ratchadamnoen, pana kama uwanja, nikapita Mnara wa Demokrasia uliojengwa kukumbuka mapinduzi ya mwaka 1932, yale yaliyomwondolea mfalme mamlaka ya kutawala peke yake. Saa tatu hivi nikawa kwenye kuta nyeupe za kasri la wafalme. Mji huu uliwekwa kuwa makao ya wafalme mwaka 1782, na kasri likaanza kujengwa wakati ule ule. Kiingilio ni baht 500. Mimi nina 300. Nikazitazama paa zake kwa nje, za rangi ya chungwa na kijani, maana kutazama kwa nje ni bure.

Hapo ndipo lilipotokea jambo la kunichekesha. Jamaa mmoja nadhifu, shati limenyooka, akanijia na tabasamu. Kwa Kiingereza kizuri akaniambia kasri leo limefungwa mpaka mchana, ila kuna rafiki yake mwenye tuktuk, kwa baht 20 tu atanizungusha mahekalu matatu, halafu nipite mahali penye maonyesho ya vito vya serikali, leo ni siku ya mwisho ya punguzo. Na nyuma yake watu wanaingia kasri kama nyuki!

Msomaji, mimi? Mtoto wa apolo? Nimekulia mtaani ambapo watu walisaga vipande vya chupa wakawauzia watalii kama tanzanite. Nilimshika bega kwa heshima nikamwambia, "Kaka, mimi natoka yanakochimbwa." Alinitazama makatambuga, akanitazama usoni, akacheka kicheko cha kweli, akaenda kumtafuta mwingine. Sikumchukia. Lakini nilipokuwa natembea kuelekea gati la Tha Tien kuangalia mto Chao Phraya na mnara wa Wat Arun ng'ambo, nilijiuliza swali: wewe unayejifanya mjanja wa mawe, zima hilo umelionea wapi? Nilijua jiwe bichi na jiwe la uongo. La kweli lililokamilika sikuwa nalijua, sawa na mzee wangu.

Jua likaanza kupiga. Siyo jua la Arusha. Lile ni jua la ndani ya sufuria lenye kifuniko. Shati liliniganda mgongoni chini ya begi. Nikapitia soko la maua la Pak Khlong, wanawake wamekaa chini wanatunga maua kwenye uzi kama watu wanaotunga shanga, vidole vinakwenda peke yake na mdomo unapiga soga. Baht 10 za maji. Baht 30 za mishikaki mitatu na wali wa kunata uliofungwa kwenye mfuko wa nailoni, unaula kwa vidole kama ugali. Nikaketi kizingitini kwa watu nikala. Mwenye nyumba akatoka, nikainuka haraka, kumbe ananiletea feni aigeuzie upande wangu. Hatukuwa na lugha. Nikainamisha kichwa, naye akainamisha.

Kutoka hapo ni vichochoro vya Wachina, Sampeng mpaka barabara ya Yaowarat, mabango mekundu, maduka ya dhahabu yamepangana. Mwishoni lipo hekalu la Wat Traimit lenye sanamu ya Buddha ya dhahabu, uzito wake tani tano na nusu. Kisa chake kilinifanya nitoe pesa ya chakula cha jioni nilipe kiingilio. Sanamu hiyo ilifunikwa plasta zamani, na watu wakasahau kabisa kilichomo. Mwaka 1955 walipokuwa wanaihamisha ikaanguka, plasta ikabanduka, dhahabu ikaonekana. Nilivua makatambuga mlangoni nikayaacha katikati ya viatu vya watu. Hayo hakuna angeyaiba. Ndani nilisimama muda mrefu. Wengine walikuwa wanasali, mimi nilikuwa nawawazia wale walioipita kila siku wakidhani ni sanamu ya chokaa, na wala hawakuwa wajinga. Walikuwa wanaona kilichopo.

Nikapita stesheni kuu ya zamani ya Hua Lamphong, iliyofunguliwa mwaka 1916. Mwezi Januari mwaka ule ule niliofika mimi treni nyingi za mbali zilihamishiwa stesheni mpya, kwa hiyo ukumbi ulikuwa mtulivu. Nikapumzisha nyayo, kisha nikashika barabara ya Charoen Krung kwenda kusini mpaka inapokutana na Silom. Mtaa wa Mahesak uko hapo jirani. Ni Goliondoi yao. Maduka madogo ya vioo, Wahindi, Wachina, Waafrika wa Magharibi wamesimama vibarazani wakiongea Kifaransa kwenye simu, na karatasi nyeupe zilizokunjwa zikifunguliwa na kufungwa kwenye viganja.

Nililiona dirishani. Kibao kidogo kimeandikwa jina lake, jina la nchi yangu. Jiwe hili halichimbwi popote pengine duniani. Liligunduliwa mwaka 1967, na mwaka 1968 kampuni ya Tiffany ya Marekani ikalipa jina hilo. Mengi hukatwa Jaipur, India, ndipo yakasambaa. Kwa hiyo inawezekana lile lilitoka Arusha likapita India likafika hapa kabla yangu, na kwa usafiri mzuri kuliko wangu.

Nilisimama nje labda dakika kumi. Jasho, vumbi, makatambuga. Mara mbili nilishika mlango nikauachia. Mara ya tatu mama mmoja wa makamo akaufungua mwenyewe kutoka ndani, akaniuliza kwa Kiingereza natafuta nini. Nilikuwa nimejiandalia uongo mzuri, kwamba natumwa na tajiri. Ukanitoka ukweli: baba yangu amechimba haya miaka kumi na minne na hajawahi kuliona, ameniomba nimwangalizie.

Hakusema kitu. Akatandika kitambaa cheupe, akalitoa jiwe, akalishika kwa kibanio, akaligeuza polepole chini ya taa. Nikatoa simu. Akatikisa kichwa, akanionyesha tangazo ukutani: picha haziruhusiwi. Akagusa begi langu ambapo daftari lilikuwa limechomoza. Halafu akaendelea kuligeuza.

Basi nikaandika. Niliandika nimesimama, mkono unatetemeka, nikaandika kurasa mbili. Niliandika kuwa ni bluu kama bahari kuu, kama mbingu za usiku, kama wino wa malkia. Nilijiona mwandishi hasa. Nilipotoka nilikuwa sisikii miguu.

Nilikwenda kupumzika bustani ya Lumphini. Kenge wakubwa kama mamba wanatembea majanini kati ya watu, na hakuna anayewatupia jiwe. Watu walikuwa wanakimbia mbio za mazoezi, mamia yao. Ilipogonga saa kumi na mbili jioni, vipaza sauti vikapiga wimbo wa taifa, na wote wakasimama pale pale walipo, jasho linatiririka, kimya. Nikasimama nami. Kisha wimbo ukaisha na wakaendelea kama hakuna kilichotokea. Nilirudi Pratunam gizani na mvua kubwa, zaidi ya kilomita 15 kwa siku nzima, mfukoni nimebaki na baht 60. Shangazi alikuwa kasimama mlangoni mikono kiunoni. Aliponiona akasema, "Mwone alivyo," akaingia kunipashia wali.

Nyumbani nilimsomea mzee. Alikuwa amekaa kitandani, ameegemea ukuta, kiberiti chake mkononi. Nilisoma kwa sauti ya mtangazaji. Nilipofika kwenye bahari kuu akanyoosha kidole.

"Mimi bahari sijawahi kuiona."

Nikanyamaza. Ni kweli, hajawahi. Mwisho wa safari zake kwa upande wa mashariki ni Moshi.

"Na huyo malkia mwenye wino simjui. Acha kusoma. Niambie."

Kikohozi kikamshika, nikasubiri. Msomaji, pale ndipo nilipopata jasho kuliko Bangkok. Nikafumba macho. Nikamwambia: baba, unaujua Mlima Meru, jioni, mvua imekatika, jua limeshaondoka lakini giza bado. Ule mlima unavyokuwa. Ndiyo rangi yake. Halafu yule mama akiligeuza kidogo, linakuwa kama ua la mjakaranda lililoanguka jana. Akiligeuza tena, kwa ndani kabisa, kama kaa la moto linalozimika. Ni dogo, baba. Kama hilo lako la kwenye kiberiti.

Mzee alikaa muda. Akafungua kiberiti, akakitazama kile kipande cha rangi ya chai, akakifunga.

"Hapo nimeliona," akasema. Halafu akauliza, "Na bei?"

Nikamwambia sikuuliza. Alinitukana kidogo, akacheka, akakohoa.

Daftari ninalo bado. Neno bahari nimelipiga mstari.