Waandishi Tunauliza Kila Kitu, Isipokuwa Hili

Wadau, habari hii nimekaa nayo miezi kadhaa. Nimeandika kuhusu bajeti, nimeandika kuhusu uwanja wa ndege wa Msalato, nimewauliza wakubwa maswali yanayowatoa jasho. Lakini siku nilipoanza kuwashwa sehemu za siri, mdomo ulikufa ganzi.

Ilianza kama mzaha. Jumamosi moja nilishinda mnadani Msalato, jua la Dodoma mnalijua, jinzi nzito, kutwa juu ya bodaboda. Jioni kinena kikaanza kuwasha. Nikaoga, nikajikuna, nikasahau. Baada ya wiki moja nikaona duara ndani ya paja, kingo zimeinuka na kuwa nyeusi, katikati pamepauka. Nikajisemea moyoni, basi, ndiyo hayo. Mnajua "hayo" ninayoyasema.

Nikaenda duka la dawa mbali na ninapokaa. Nikasubiri wateja wote waondoke, nikanong'ona: "Dada, kuna mdogo wangu anawashwa." Akatabasamu, akanipa tyubu bila kuuliza hata swali moja. Nikapaka. Siku mbili tu, kimya! Nilipoacha, muwasho ukarudi na hasira, na lile duara likawa kubwa mara mbili.

Wakati huo mchumba wangu alishaanza kushtuka kwa nini namkwepa. Akaniuliza waziwazi kama nina mtu mwingine. Usiku ule nikaona bora aibu ya daktari kuliko kumpoteza.

Tabibu niliyemkuta alikuwa mtu mzima. "Vua suruali kijana, hii ndiyo kazi yangu." Hakucheka. Akaangalia kinena, kisha akaniambia nivue na viatu. Viatu tena? Katikati ya vidole vya miguu kulikuwa na ile ngozi nyeupe inayobanduka, niliyoizoea tangu nikiwa bwenini chuoni.

"Chanzo ni hiki. Ukivaa chupi, mguu wenye fangasi unapita humo, unawapandisha juu." Kumbe ilikuwa choa, ile ile ya watoto, imehamia kinenani kwa sababu pana joto na jasho. Ushauri wake: vaa soksi kwanza, chupi baadaye. Sijausahau.

Na ile tyubu? Akasoma maandishi yake madogo: ndani kulikuwa na betamethasoni, aina ya steroidi. Inatuliza muwasho, lakini inapunguza kinga ya ngozi, hivyo fangasi wanatanuka kimyakimya. Ukiizoea, ngozi laini ya kule inakuwa nyembamba na kupata michirizi. Akaniandikia klotrimazoli ya kupaka ya asilimia 1, mara mbili kwa siku, kinenani na miguuni, na niendelee wiki mbili hata baada ya alama kupotea. Wengi tunaacha mapema, ndiyo maana inarudi. Kingine: kujikausha vizuri, boksa za pamba zisizobana, taulo langu mwenyewe.

Hapo uandishi ukanirudia, nikatoa daftari. Je, kila muwasho ni fangasi? Akasema hapana. Ukiwasha zaidi usiku, kuna vipele kwenye uume na korodani na katikati ya vidole vya mikono, na nyumbani wengine wanajikuna, huo ni upele. Shirika la Afya Duniani liliuingiza mwaka 2017 kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Dawa yake hupakwa mwili mzima kuanzia shingoni, na wote mnaoishi pamoja mnatibiwa siku moja, hata asiyewashwa. Kichwa cha uume kikiwa chekundu chenye utando mweupe, huenda ni fangasi wa kandida. Wakirudirudi, pima sukari. Wengine tunajiunguza wenyewe kwa sabuni kali na dawa za kuua vijidudu. Ila ukiona kidonda, usaha au maumivu ya kukojoa, nenda hospitali pamoja na mwenzako.

Wadau, utaalamu upo. KCMC Moshi kuna kituo kinachofundisha matabibu wa magonjwa ya ngozi na zinaa tangu 1992, wanafunzi wanatoka nchi nyingi za Afrika. Kinachokosekana ni sisi wanaume kufungua mdomo.

Nilipotoka pale nikamweleza mchumba wangu kila kitu, na karatasi ya tabibu nikamwonyesha. Nilitegemea acheke au anune. Akanyamaza kidogo, halafu akafungua mkoba akatoa tyubu. Ile ile! Naye alikuwa anawashwa, naye alinunua kimyakimya, akidhani mimi ndiye niliyemletea "hayo". Wiki mbili tulikuwa tunashukiana kwa sababu ya choa.

Kesho yake tulirudi kwa tabibu wawili. Sasa hivi tumepona, na soksi navaa kwanza.

Wewe je, unajikuna kimya mpaka lini?