Mto Gura na samaki mgeni wa Nyandarua

UKIMWONA mtu amesimama ndani ya mto Gura, maji yamemfika magotini, akirusha mshipi hewani kama mchungaji anayechapa mjeledi, usidhani amerukwa na akili. Anamtafuta trauti, samaki wa madoadoa ambaye si mwenyeji wa huku. Mayai yake yaliletwa kutoka Scotland mwaka wa 1905 na mlowezi Ewart Grogan ili wazaliane katika mto huu.

Chambo si mnyoo. Ni manyoya na nyuzi zilizofungwa kwenye ndoana ndogo zikafanana na mdudu. Kwa kuwa mdudu huyo hana uzito, kinachorushwa hasa ni mshipi wenyewe.

Juu kabisa, kwenye nyanda za nyasi ndani ya Mbuga ya Aberdare, takriban mita 3,000 kutoka usawa wa bahari, Gura ni kijito tu. Hakuna mti wa kunasa mshipi, lakini pia hakuna pa kujificha. Trauti hutazama maji yanakotoka, hivyo mvuvi humnyemelea kwa nyuma akipanda mto. Kivuli chake kikitangulia, kazi imekwisha! Samaki wa huku ni wadogo, kwani baridi ni kali na chakula ni haba.

Kisha mto unaporomoka. Ng'ambo ya bonde, maji ya Karuru yanashuka mita 273 kwa vidato vitatu, nao Gura unajitupa ukiyatazama. Hakuna samaki awezaye kupanda hapo. Wale wa juu walibebwa na binadamu. Chini ni msitu na mianzi, makao ya nyati na ndovu. Usiende bila askari wa mbuga, hata ukijigamba una mbio.

Ukitoka msituni unakutana na majani chai ya upande wa Othaya, na hapa ndipo penye wasiwasi. Trauti hutaabika maji yakipita nyuzi 20 hivi za joto, kwa sababu maji ya uvuguvugu hushika hewa kidogo. Mti ukikatwa ukingoni, jua linaingia. Shamba likilimwa hadi majini, mvua inaleta tope linalofunika mayai kwenye changarawe. Samaki hana budi kusogea juu kufuata baridi, na huko juu anakutana na ukuta wa maporomoko.

Anayetaka kujaribu ahitaji leseni ya uvuvi, buti za mpira na sweta nzito.